Korido Tano

Wanasema milima haikutani.
Huu wa Fort William haukutani hata na macho.
Mwaka wa nne sasa nafua mashuka ya hoteli chini yake,
na kwenye kalenda ya duka la samaki
natia nukta ya wino siku Ben Nevis unapojitokeza.
Novemba nzima: nukta tatu.
Moja nina shaka nayo. Huenda lilikuwa wingu lenye mabega.

Mita elfu moja mia tatu arobaini na tano.
Binamu yangu wa Marangu alicheka kwenye simu:
"Hicho ni kigoda."
Nikamwambia kigoda hiki kimekanyaga bahari,
unaanza kupanda na harufu ya mwani puani,
na mita zilizopungua, kaskazini imezilipa kwa baridi.

Mvua ya huku haina msimu, ina zamu.
Alfajiri rasharasha, adhuhuri manyunyu,
jioni ile inayokupiga ubavuni.
Kileleni hunyesha maradufu ya mjini,
na kwenye magenge ya kaskazini, ambako jua huchungulia tu,
theluji miaka mingine huvuka kiangazi
kama mgeni asiyejua kuaga.

Wa kwanza kuandikwa alikuja kutafuta mimea,
mwaka wa 1771.
Wa kwanza kuandikwa, nimesema.
Wachungaji hawakuwa na daftari.

Baadaye watu wakahamia huko juu:
nyumba ya mawe, jiko, vipimajoto,
miaka ishirini na mmoja.
Kila saa mtu alitoka kusoma baridi na kuiandika,
saa nane za usiku, Januari, amefungwa kamba kiunoni.
Theluji ikimeza mlango, walitokea mnarani.
Maji machafu waliyamwaga korongoni,
na korongo hilo hadi leo linaitwa kwa ukelele wa kumwaga.
Kisha fedha zikakatika.
Zimebaki kuta za magotini
na njia ya farasi wao, ambayo sote tunaipanda
tukidhani iliumbwa pamoja na mlima.

Bi Ishbel MacPhee wa kikosi cha uokoaji,
goti moja lake, moja la chuma,
hutuletea makoti ya kikosi tuyafue.
Siku moja alichukua kikaratasi cha namba za nguo, akaandika:
*Kutoka kileleni, nyuzi 231, mita 150. Kisha 282.*
"Ukivuta kulia, ni lile korongo la maji machafu.
Ukivuta kushoto baadaye, Vidole Vitano.
Nimewateremsha watu kutoka humo."
Sikuuliza wangapi. Alikuwa anahesabu vifungo.

Juni, siku yangu ya mapumziko, nukta ilikuwa nyeusi na ya uhakika.
Nikapita ziwa dogo la katikati,
nikapanda zile kona zinazorudi na kurudi
kama mtu aliyesahau ufunguo.
Nilipogusa rundo la mawe la kileleni
ukungu ukatandikwa,
shuka la kitanda kikubwa, bila hata kunyooshwa kona.
Vijana waliokuwa wakicheka nyuma yangu
wakabaki kicheko. Kisha hata kicheko hakikubaki.

Dira ninayo. Mita mia moja hamsini ni nini, mbele ya weupe?

Ndipo miguu ikakumbuka.
Korido ya ghorofa ya pili ni mita thelathini,
nimeisukumia toroli tangu nifike,
nikiwa na usingizi, nikiwa na homa, taa zikiwa zimezimika.
Korido tano, basi.
Ya kwanza, mawe yanacheza.
Ya pili.
Ya tatu nikasikia kulia kwangu utupu,
una sauti, kama tanki lililofunguliwa.
Ya nne.
Ya tano. Simama. Geuka. 282.

Chini mtoni kulikuwa na jua, na mume na mke wakila mayai.
Wakaniuliza, kuna mandhari gani huko juu?
Nikawaonyesha kikaratasi. Hawakuelewa, wakanipa yai.

Usiku nikaifuata kalenda.
Nukta ya asubuhi ilikuwa pale, imekauka.
Pembeni yake nikaandika, kwa herufi ndogo:
*sikuuona.*
Kesho yake mashuka mia moja na sita.